Itakuletea Nini?

Leo nina neno na wale wanaomcheka mwanamke anayejifunza Kikorea au Kiesperanto usiku, akishamaliza kuosha vyombo. "Itakuletea nini?" Mbona mwanamme akienda barazani kucheza bao mpaka saa nne haulizwi? Sisi tu ndio kila dakika yetu lazima ilete pesa au sahani safi!

Na Kiesperanto wanachokicheka zaidi, eti lugha ya kubuni, hakikuanza kwa upuuzi. Zamenhof, daktari wa macho, alizaliwa Białystok, mji ambao Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi waliishi jirani lakini wakichukiana. Akatunga lugha isiyo ya kabila lolote ili waelewane. Kitabu cha kwanza kilitoka Warsaw mwaka 1887, kwa fedha za baba wa mchumba wake, Klara. Kanuni za sarufi ni 16 tu, na kila nomino huishia na "o". Ukijifunza hilo ndipo unaposhtuka: kumbe ngeli zote zile za Kiswahili umezibeba kichwani bila kujua!

Sura ya Ar-Rum imetaja kutofautiana kwa lugha zetu kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Basi anayejifunza lugha amepoteza nini? Sala ameswali, watoto wamelala, haki ya mtu hakuiacha.

Shoga, jifunze maneno matano leo. Akija wa kukuuliza yatakuletea nini, mfundishe moja.