Tusiiruke Aya ya Kumi



Ndugu zangu wapendwa, ipo aya moja ya Biblia ambayo Wakristo wa nyakati zetu wanaipenda kuliko nyingi nyingine. Huandikwa kwenye kalenda na kwenye kadi za mahafali. Hutumwa kwa simu kwa mgonjwa na kwa aliyepoteza kazi. Nayo ni Yeremia 29:11, ambapo Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anawatakia mema, na kwamba kesho yao imo mikononi mwake.

Aya hiyo ni njema, tena ni ya kweli. Lakini naona kwamba wengi wetu tunaipokea ikiwa imekatwa kutoka mahali pake, na kwa sababu hiyo inatuponyoka siku ile tunayoihitaji zaidi. Juma hili nawaalika tuisome pamoja na aya inayoitangulia, yaani aya ya kumi.

Maneno hayo yamo katika barua. Mwaka 597 K.K. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alimchukua mateka Yekonia, mfalme wa Yuda, pamoja na mama yake, wakuu wa nchi, mafundi na wahunzi. Vyombo vya Hekalu navyo vilichukuliwa. Nabii Yeremia alibaki Yerusalemu, akawaandikia wale waliohamishwa. Hao walikuwa watu waliopotewa na nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Zaidi ya yote, walikuwa mbali na Hekalu, mahali pekee walipozoea kumtolea Mungu dhabihu. Swali lao lilikuwa lile lile tunalojiuliza sisi tupatwapo na msiba: Je, Mungu bado ana kusudi nasi?

Siku hizo lilikuwapo jibu rahisi. Katika sura ya 28 tunakutana na nabii Hanania, aliyetangaza mbele ya makuhani na watu wote kwamba katika muda wa miaka miwili nira ya Babeli ingevunjwa, na vyombo vya Hekalu vingerudishwa. Bila shaka mahubiri yake yalipendeza. Nani asingependa kusikia kwamba taabu yake itakwisha upesi? Hata Yeremia aliitikia Amina, akitamani iwe hivyo. Lakini haikuwa hivyo. Miaka kumi hivi baada ya uhamisho ule, Yerusalemu ulianguka na Hekalu lenyewe likateketezwa kwa moto.

Barua ya Yeremia ina jibu jingine. Anawaambia wahamishwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha. Anawaambia tena jambo gumu kuliko yote: wautakie heri mji ule uliowateka, na kuuombea kwa Bwana. Kisha inakuja aya ya kumi, isemayo kwamba Bwana atawajia na kuwarudisha kwao baada ya miaka sabini.

Miaka sabini, ndugu zangu! Mtu aliyeipokea barua ile akiwa na umri wa miaka thelathini angehitaji kufikisha miaka mia ili aione siku hiyo. Maana yake ni kwamba wengi wa waliosomewa ahadi ile tamu ya aya ya kumi na moja walikuwa watu ambao wangezikwa ugenini. Mungu aliwaambia kwamba anawatakia mema, hali akijua kwamba hawatarudi nyumbani. Basi kusudi lake jema kwao halikuwa kuiondoa taabu yao tu. Lilikuwapo pale pale Babeli, katika nyumba waliyoijenga, mtoto waliyemlea na jirani waliyemwombea.

Zitazameni pia aya zinazofuata, ya 12 hadi ya 14. Mungu anaahidi kwamba watakapomwita atawasikiliza, na watakapomtafuta kwa moyo wote watamwona. Hapo ibada na taabu vinakutana. Watu wasio na Hekalu, madhabahu wala dhabihu wanafundishwa kwamba mlango wa sala haujafungwa.

Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba anayehubiri aya ya kumi na moja bila ya kumi anarudia mahubiri ya Hanania. Matunda ya mahubiri hayo tunayaona: mgonjwa anayeambiwa kwamba haponi kwa kukosa imani, mama anayeuza mbuzi wake ili alipie muujiza, kijana anayeacha kusali kwa sababu tarehe aliyoahidiwa imepita. Hao hawakuangushwa na Mungu. Waliangushwa na nusu ya barua yake.

Huenda mtu akasema kwamba ni ukatili kumtajia mwenye uchungu habari za miaka sabini. Nakubali kwamba kando ya kitanda cha mgonjwa si mahali pa kufundishia hesabu za uhamisho. Hapo tufungue Zaburi, tulie naye kwanza. Kanisa limeiweka Zaburi ya 88, inayoishia gizani, katika Sala ya mwisho wa siku ya kila Ijumaa. Na Bwana wetu, alipokuwa msalabani, alisali kwa maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 22, zaburi inayoanza kwa kilio cha mtu aliyeachwa na kuishia kwa sifa katikati ya kusanyiko. Kumlilia Mungu nako ni ibada. Anayelalamika mbele zake bado anazungumza naye.

Wala nisieleweke kwamba Mungu anapendezwa na mateso, au kwamba mwenye kuonewa anyamaze. Aliyeambiwa ajenge na kupanda hakuambiwa akae akikunja mikono. Dawa na itafutwe, haki na idaiwe, na jirani asaidiwe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, unatukumbusha kwamba usomaji wa Maandiko Matakatifu hauna budi kuambatana na sala, ili yawepo mazungumzo kati ya Mungu na mwanadamu. Katika mazungumzo hatuchagui sentensi moja ya mwenzetu na kuziba masikio kwa nyingine. Basi juma hili, katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, tusome Yeremia 29:1-14 kwa sauti na bila haraka. Kisha kila mmoja ajiulize: hapa nilipo, ambapo sikupachagua, Bwana ananiagiza nijenge nini, nipande nini, na nimwombee nani?

Atakayeondoka na jibu la swali hilo, hata dogo, amekwisha kuonja kusudi la Mungu, ingawa miaka yake sabini bado haijatimia.