Kibao Shingoni Hakikufundisha Kiingereza

Wazazi wengi wanaamini, na walimu wengi wanawaunga mkono, kwamba Kiingereza hakimwingii mtoto mpaka kwanza atolewe lugha ya kwao. Ndiyo maana zipo shule ambako mtoto akisikika akisema Kiswahili au Kikuyu huvishwa kibao shingoni, na njia ya kukivua ni moja tu: amnase mwenzake. Imani hiyo ni ya uongo, na ni uongo wa siku nyingi. Wawelisi, watu wanaopakana na Waingereza wenyewe, waliuonja kabla yetu. Mwenye shaka na asome habari za mwaka 1847.

Mwaka huo serikali ya London ilitoa ripoti juu ya elimu ya Wales, juzuu tatu zenye majalada ya buluu. Aliyeomba uchunguzi huo bungeni, William Williams, alikuwa Mwelisi mwenyewe, mbunge wa Coventry. Waliotumwa kuchunguza ni wanasheria watatu: Lingen, Symons na Vaughan Johnson. Hakuna hata mmoja wao aliyejua Kiwelisi. Walipita shule kwa shule, mara nyingi wakiwauliza watoto kwa Kiingereza, na mtoto aliyeshindwa kujibu wakamhesabu mjinga. Symons aliandika kwamba Kiwelisi kinawazuia watu wake kuendelea, kwa maadili na kwa biashara. Hata wanawake wa Wales walivunjiwa heshima humo, wakaambiwa hawana staha. Wawelisi walichukia, na mpaka leo jambo hilo wanaliita Usaliti wa Vitabu vya Buluu.

Lakini ushahidi wa kuipinga imani ninayoisema umo ndani ya vitabu hivyo hivyo.

Katika shule moja ya kaskazini, mchunguzi alimwona mvulana amening'inizwa kipande cha mti shingoni kwa uzi, kikiwa kimeandikwa kuwa ni kijiti cha Kiwelisi. Akaulizia, akaelezwa. Mtoto akisikika akisema Kiwelisi anapewa kijiti. Naye akimsikia mwenzake, anamhamishia. Kinazunguka hivyo shingo kwa shingo hadi mwisho wa juma, na atakayekutwa nacho anachapwa. Tena mchunguzi akaandika jambo ambalo kila nikilisoma linanichoma: watoto walikuwa wakinyemelea nyumba za wenzao ili wawakamate wakizungumza Kiwelisi na wazazi wao. Kuzungumza na mama nyumbani kumekuwa kosa, na shahidi ni rafiki unayecheza naye. Hata mchunguzi huyo, ambaye hakukipenda Kiwelisi, aliona kwamba desturi hiyo ina madhara.

Kijiti hicho hakikuletwa na sheria ya London. Walimu wa mahali ndio waliokitumia, na wapo wazazi waliokiridhia. Siwaiti wazazi hao wapumbavu. Tangu 1536 mahakama na ofisi za Wales zilikuwa zikiendeshwa kwa Kiingereza, na asiyekijua alikosa haki na kazi. Haja ilikuwa ya kweli. Ninachouliza ni kama kijiti kiliitimiza, na jibu limo ripotini: watoto walisoma Kiingereza kwa sauti bila kuelewa wanachosoma, mbele ya walimu ambao wengi wao nao walikibabaisha.

Wakati huo huo, kwenye shule za Jumapili, wazee kwa watoto walikuwa wakisoma Biblia kwa Kiwelisi na kujadiliana maana yake. Wachunguzi wenyewe walizisifu. Karne moja nyuma, Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror, alikuwa ameanzisha shule za kuhamahama zilizofundisha kwa Kiwelisi, miezi michache tu kila mahali. Hadi anafariki mwaka 1761, watu zaidi ya 150,000 walikuwa wamepitia humo. Walijua kusoma upesi kwa sababu maneno ya kitabuni walikuwa nayo tayari mdomoni.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi kitufe kilivyopita mkono kwa mkono kati ya wanafunzi wa Kenya waliosema Kikuyu, mpaka mwisho wa siku, aliyebaki nacho akamtaja aliyempa, na hivyo wakosaji wote wakajulikana. Ni kijiti kile kile cha Wales. Tumekirithi, na wengine wetu bado tunalipa karo ili watoto wetu wavishwe.

Wales ililipa kwa namna nyingine. Hesabu ya watu ya 1911 ilikuta wasemaji wa Kiwelisi wamepungua hadi chini ya nusu. Ya 2021 ilikuta asilimia 17.8. Migodi na uhamiaji vilichangia, sikatai, lakini mtoto aliyefundishwa kuionea aibu lugha ya mama yake hakuwa na sababu ya kumrithisha mwanawe. Mwaka 1947, karne kamili baada ya vitabu vya buluu, mji wa Llanelli ulifungua shule ya kwanza ya umma ya msingi inayofundisha kwa Kiwelisi. Leo zipo nyingi, na wanaosoma humo wanatoka na lugha zote mbili, Kiingereza kikiwemo.

Mzazi, siku mwanao akirudi nyumbani na alama ya uzi shingoni, usimwambie ajitahidi kusema Kiingereza. Mshike mkono, urudi naye shuleni, ukakivue kibao hicho mwenyewe mbele ya mwalimu.