WATU WA NINAWI WALISAMEHEWA KWA DAMU YA NANI?



Ndugu msomaji, tukitoka makaburini kuzika, jirani yangu Mkristo, mtu mwema tuliyezikiana miaka mingi, aliniuliza: "Shehe, nyinyi mnatubu tu basi. Mungu ni mwenye haki. Bila damu kumwagika, dhambi itaondokaje?"

Swali zuri. Sikumjibu kwa Qur'an, kwa sababu yeye haiamini. Nilimwomba afungue Biblia yake.

Fungua na wewe Yona sura ya 3. Mji mkubwa umeshahukumiwa: zimebaki siku 40 uangamizwe. Watu wakafanya nini? Wakaamini, wakafunga, wakavaa magunia kuanzia mfalme mpaka mifugo, wakaacha dhulma iliyokuwa mikononi mwao. Aya ya 10 inaeleza kwamba Mungu alipoona wameiacha njia mbaya, hakuwaangamiza. Sasa nionyeshe katika sura hiyo: kuhani yuko wapi? Madhabahu iko wapi? Damu iko wapi? Hakuna. Kuna toba.

Utaambiwa: "Lakini Waebrania 9:22 inataka damu, kwa mujibu wa Torati." Vyema, twende kwenye Torati yenyewe. Mambo ya Walawi 5:11 mpaka 13: maskini asiyeweza hata njiwa wawili apeleke unga kwa ajili ya dhambi yake, naye atasamehewa. Unga, ndugu yangu! Unga una damu?

Watasema tena: "Hakimu akimwachia mhalifu, haki iko wapi?" Nami nauliza: hakimu akimwachia mhalifu akamwadhibu asiye na kosa, hiyo ndiyo haki? Ezekieli 18:20 inakataa: mwana habebi uovu wa baba, wala baba wa mwana. Aya zinazofuata zinasema mwovu akighairi ataishi.

Fikiria deni la dukani. Mwenye duka akikufutia, amekusamehe. Akimdai jirani yako mpaka senti ya mwisho, hajasamehe kitu, amelipwa. Katika Mathayo 18, mfalme wa mfano wa Yesu alimfutia mtumwa wake talanta 10,000 kwa kumhurumia. Hakumtafuta mtu mwingine alipe. Na katika Luka 15, baba alimkimbilia mwanawe mpotevu na kumkumbatia. Ndama alichinjwa, naam, lakini kwa karamu, baada ya kupokelewa.

Hayo ndiyo tuliyofundishwa. Surat Yunus aya ya 98 inawataja watu hao hao wa Yunus, waliamini wakaondolewa adhabu. Na Surat Al-An'am aya ya 54 inatufundisha kwamba Mola amejilazimisha rehema Mwenyewe.

Sasa Muislamu, usianze kushangilia. Rudi kwenye Mathayo 18 uone mwisho wake. Yule aliyefutiwa deni kubwa alimkaba koo mwenzake kwa denari 100 tu, akamfunga. Mfalme akamrudisha hukumuni. Wewe unayesoma hapa ukitikisa kichwa, hujasemezana na ndugu yako tangu mgawanyo wa shamba la marehemu baba. Fungu la dada zako umelikalia, na kila Ijumaa uko safu ya mbele.

Watu wa Ninawi hawakulia tu, waliacha dhulma. Toba yetu nayo ina masharti: uache dhambi, ujute, uazimie kutorudia, na haki ya mja umrudishie mwenyewe au akusamehe. Hapo ndipo haki na rehema zinapokutana, bila kumtwisha asiye na kosa mzigo wako.

Jirani yangu aliondoka akisema ataisoma tena Yona. Nami nilifika nyumbani nikampigia simu mtu niliyekuwa na deni lake.

Wewe utampigia nani leo?

Ewe Mola, tupokelee toba kabla ya siku yetu ya 40. Amin.

Wabillahi tawfiq.