Koti la Mamilioni, Masikio Wazi: Kiki ya Bunduki Dubai Imemchamba Asiyestahili

Wiki hii mjini habari ni moja tu, zile picha za Dubai. Mkali mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye hata ukimficha jina watu wanamjua kwa cheni, katupia picha kumi na video tatu akiwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Pembeni yake yupo dada mchekeshaji ambaye siku hizi wanasafiri pamoja kwa dili la kampuni moja (nayo haitajwi, ilipie tangazo kama wenzake). Picha zimepata laiki za kutosha. Ila moto wenyewe uko kwenye komenti.

Anza na mavazi, maana ndiyo yaliyoleta povu. Jamaa kavaa seti nzima ya mwindaji wa kwenye sinema: koti la mabakamabaka lenye mifuko kila kona, suruali ya kufanana, glovu za ngozi zilizokatwa vidole, buti mpaka katikati ya ugoko, na ile miwani yake ya jua ya bei ya pikipiki. Shingoni kaning'iniza vifunika masikio vyeusi vyenye nembo kubwa. Shingoni jamani, siyo masikioni.

Dada yeye kavaa jinsi, raba, kofia ya mtumba, miwani ya plastiki ya njano kama ya fundi, na masikioni vimechomoza vizibo vya sponji rangi ya chungwa. Basi kosa. "Kaja kuchomelea geti?" "Bro mtoe huyo anakuharibia picha." Mwingine kaandika kwamba ndiyo maana watu wengine hata ukiwapeleka Dubai bado wanabaki Tandale. Komenti hiyo ina laiki kuliko video yenyewe.

Sasa hao wote hawakumaliza video ya tatu. Mwishoni kamera inapita kwenye ubao wa matokeo. Mchezo waliocheza ni wa visahani vya udongo, mashine inavirusha hewani na mpigaji anavitandika kabla havijaanguka. Kila mmoja alipewa visahani 25. Dada kavunja 14. Mkali kavunja 5. Na kwenye uwanja ule wageni wanaazimwa bunduki za aina moja, kwa hiyo hakuna cha kusingizia silaha.

Watu watasema ni bahati. Inawezekana, siku moja haitoshi kumpima mtu. Lakini ukiangalia video taratibu utaona koti lenyewe ndilo lilimponza. Mabega mazito, mifuko imejaa, kila akiinua bunduki kitako kinakwama kwenye kitambaa kabla hakijafika begani. Kisahani hakimsubiri mtu. Dada na tisheti yake anainua mara moja, kitako kimekaa, shavu limelala, anapiga. Nguo ya kulengea shabaha kazi yake ya kwanza ni kutokukuzuia. Tisheti ya mtumba inaifanya hiyo kazi bila kelele.

Na hili siyo la Dubai tu. Nani kasahau Olimpiki ya Paris 2024? Yule baba wa Uturuki, Yusuf Dikeç, miaka 51, alisimama na tisheti, miwani ya kawaida ya macho na mkono mmoja mfukoni, akaondoka na medali ya fedha ya bastola ya upepo mita 10 timu mchanganyiko, yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Mtandao mzima ukalipuka, memu mpaka leo. Wenzake wengi walikuwa na miwani maalumu yenye lenzi moja na kizuizi cha jicho la pili. Yeye alipiga macho yote mawili wazi.

Ila kuna kitu watu waliokuwa wanacheka hawakukiona. Zile picha zikuze. Masikioni ana vizibo vidogo. Kwa hiyo ile habari ya "kaja mikono mitupu" siyo kweli. Aliacha vingi visivyomsaidia, akabaki na kile kinacholinda sikio. Na bastola yake pia siyo ya dukani kwa Mangi, bastola za mashindano ni ghali. Hakuwa maskini wa vifaa, alijua tu kipi cha kuacha.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Michezo hiyohiyo ya Paris, binti wa Korea Kusini, Kim Yeji, alikuja na ile miwani kama roboti ya baadaye, naye kapata fedha ya bastola ya upepo mita 10 wanawake. Wa mapambo kapata fedha, wa tisheti kapata fedha. Kwa hiyo hoja siyo kwamba vitu vya gharama ni dhambi. Miwani ya binti ilikuwa inafanya kazi usoni kwake. Vifunika masikio vya mkali wetu vilikuwa vinafanya kazi gani shingoni?

Huko Marekani, ambako kuwinda ni kama kwetu kwenda kwenye mpira, wawindaji wengi wa kawaida hawafanani kabisa na lile koti. Bunduki inayoonekana sana ni ya marisau ya kuvuta na kusukuma kwa mkono, kama Remington 870 iliyoanza 1950 au Mossberg 500 ya 1961. Kila moja imeuza zaidi ya milioni 10. Ni bunduki za mkulima, za fundi bomba, za babu. Ipo miongoni mwa zile ambazo baba anamrithisha mtoto zikiwa zimekwaruzika mwili mzima na bado zinaua bata. Pembeni yake kuna za Kiitaliano zilizochongwa maua ambazo bei yake unapata gari, na bata hajui tofauti.

Tena majimbo mengi kule sheria inamlazimisha mwindaji wa paa avae kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka, kile cha bei chee kama cha bodaboda. Mtu wa mjini atauliza, si mnyama atakuona? Hapana. Paa macho yake hayatofautishi vizuri wekundu na chungwa kama ya binadamu, rangi inayokuchoma wewe kwake imepooza tu. Anachokamata ni harufu na kutikisika. Anayekiona kizibao ni mwindaji mwenzako mwenye bunduki kichaka cha pili, na huyo ndiye hatari. Koti la mabaka la mamilioni linakuficha kwake pia.

Na upepo? Wawindaji wazoefu Afrika wanatembea na majivu kwenye kimfuko au soksi. Unatikisa kidogo, vumbi linakuonyesha upepo unaelekea wapi, unajua mnyama atakunusa au la. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao mastaa wetu wanapenda sana kwenda kupiga nao selfi, wanakula kwa upinde wa mti wenye uzi wa kano za mnyama. Hakuna nembo hata moja pale.

Rudi kwa mkali, maana kuna mambo mawili hapa siyo ya kuchekea.

La kwanza ni lile koti. Vijana wameshaanza kuulizia "seti kama ya bro" Kariakoo. Wadau, Dubai siyo Dar. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. Uganda nako raia kuvaa mabaka ya jeshi ni kesi. Yeye kapiga picha akavua, kapanda ndege. Wewe utaivaa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, mbele ya kambi, halafu ujieleze kwamba ulikuwa unamuiga msanii. Hata huko kuwinda kwenyewe usijidanganye, Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania hakuna kumgusa mnyama bila leseni na kibali. Kwa kijana wa kawaida hiyo seti haina pa kwenda zaidi ya polisi.

La pili ni masikio, na hili ndilo zito. Mlio wa bunduki ya marisau unazidi desibeli 140. Wataalamu wa afya kazini wanasema ukikaa kwenye kelele ya 85 kwa saa nane tayari umefika mpakani. Na desibeli hazipandi kama bei ya nyanya, kila ikiongezeka 10 nguvu ya sauti inakuwa mara kumi. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo vinavyopokea mtetemo, na kwa binadamu zikishakufa haziotI tena. Mlio mmoja wa karibu unatosha kuleta madhara. Mkali kapiga mara 25 masikio wazi, huku dawa yake imemning'inia kidevuni ili nywele zisiharibike.

Usiku wake akaingia laivu. Katikati ya stori akanyamaza, akashika sikio la kulia, akacheka, "Huo mluzi mnausikia na nyie au ni mimi peke yangu?" Watu wakarusha emoji za kicheko. Hakuna aliyemwambia nenda kwa daktari wa masikio. Huyu ni mtu anayekula kwa kusikia! Sauti yake ikichoka atapumzika mwezi, atakunywa tangawizi. Sikio likienda, atajuaje kama biti iko juu au chini? Na ile timu yote iliyomzunguka, meneja, mpiga picha, wa mavazi, watu sita, hakuna mmoja aliyesema "bro, pandisha hivyo vitu". Wote walikuwa wanaangalia nembo inaonekana au haionekani.

Vile vizibo vya sponji vya dada, vilivyochekwa, vikikaa sawasawa vinapunguza hadi karibu desibeli 30. Bei yake ni ya soda. Lakini vikae sawasawa: unakisokota kwa vidole mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili unapita juu ya kichwa unavuta sikio kwenda juu na nyuma, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe kijaze tundu. Ukikibandika mlangoni tu kama pamba, umejidanganya. Mafundi wa mashine, wasaga nafaka, madijei, hili linawahusu kuliko hata hao wa bunduki.

Miwani nayo hivyohivyo. Ile ya njano ya fundi, kama ina alama ya Z87 au EN166, maana yake imetengenezwa kwa kiwango cha miwani ya kulinda macho. Ile ya jua ya mkali imetengenezwa kwa ajili ya kupendeza ufukweni. Kipande cha kisahani kikirudi usoni, ya bei ya pikipiki inaweza kupasukia machoni na ya fundi ikabaki na mkwaruzo.

Siyo kila cha bei chee ni kizuri, hilo liwe wazi. Darubini ya bunduki ya bei ya kutupa huwa inaingia ukungu na kuhama shabaha kila bunduki ikirusha teke, na hapo umetupa hela. Buti mbovu zitakuua miguu porini. Lakini hivyo ndivyo vitu ambavyo kwenye picha havionekani vizuri, ndiyo maana hakuna anayevitolea hela.

Mpaka jana usiku ile picha ya vifunika masikio shingoni bado imebandikwa juu kabisa kwenye ukurasa wa jamaa. Chini yake shabiki mmoja kamuuliza dada kofia kainunua wapi. Dada kajibu mwenyewe: Karume, buku tatu, na alipunguziwa.