Tuwafungulie Uwanja

Ndugu wazazi, walimu na viongozi wa mitaa,

Pita jioni, saa kumi hivi, karibu na shule zetu nyingi za sekondari mjini. Geti lina kufuli na uwanja ni mtupu. Nje ya ukuta, wanafunzi wa shule hiyohiyo wamekaa barazani, kila mmoja kainamia simu. Wenzao wako tuisheni, wamerudi kwenye madawati baada ya kukaa darasani tangu asubuhi. Nasi tunapita tukisema vijana wa siku hizi ni wavivu.

Tunawaonea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliohusisha wanafunzi milioni 1.6 katika nchi 146. Kati ya kila vijana 100 wa miaka 11 hadi 17, vijana 81 hawakuwa wakifikisha dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku. Kwa wasichana walikuwa 85. Jambo lililoenea dunia nzima haliwezi kuwa uvivu wa mwanangu na mwanao tu.

Sisi watu wazima tuna sehemu yetu. Viwanja tulivyochezea chandimu, rede na kombolela vimeota maduka. Shuleni, mwanafunzi akichelewa huzungushwa uwanja mbio au kurushwa kichura. Tumeyafanya mazoezi kuwa adhabu, halafu tunashangaa kijana akiyachukia! Ukifika msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini, wachache wenye vipaji huteuliwa na mamia hubaki kushangilia. Septemba 2025 tulimshangilia mwanariadha wetu Mtanzania, Alphonce Simbu, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo. Kushangilia tunajua. Tuwape watoto nafasi ya kucheza.

Wakuu wa shule, pamoja na bodi zenu, fungueni viwanja hadi saa kumi na mbili jioni, walau siku tatu kwa wiki. Sisi wazazi tupange zamu ya kusimamia.

Walimu, tafuteni adhabu nyingine. Waulizeni wanafunzi wanapenda nini: netiboli, kuruka kamba, ngoma, baiskeli au karate. Undeni timu nyingi, hata za wasiojua. Kijana anayeona haya kukimbia mbele za watu huja upesi akiitwa na rafiki yake kuliko akiamriwa.

Wazazi wenzangu, tuwatazame mabinti. Kaka akitoka na mpira, dada anabaki na vyombo na ndoo za maji. Tugawe kazi za nyumbani sawasawa, tumpe binti mavazi ya stara yanayomruhusu kucheza, na tuhakikishe anarudi nyumbani kabla ya giza.

Viongozi wa mitaa, kiwanja kilichobaki kipimwe na kilindwe, asimegewe mtu hata hatua moja. Nanyi mliochezea timu za mtaa enzi zenu, shikeni filimbi, vijana wanawahitaji.

Jumamosi hii, kabla ya kumwambia mwanao aweke simu chini, mwulize: ungependa kucheza nini, na nani? Akikujibu, waite wazazi wawili watatu wa jirani. Jumatatu twendeni pamoja kwa mkuu wa shule, tukaombe geti lifunguliwe.