Jembe Nalo ni Wito

Mwalimu wa shule ya msingi anapoacha darasa na kwenda chuo cha theolojia, kanisani hutangazwa kwamba ameacha kazi ya dunia na kuingia katika kazi ya Mungu. Washarika hupiga makofi na vigelegele husikika. Sisi tunaoandika haya tumepita chuo hicho hicho na tunavaa kola, na tunasema wazi: tangazo hilo si la Kilutheri, wala halitoki katika Biblia. Kama kuwafundisha watoto kusoma ni kazi ya dunia tu, ni nani basi aliyewawezesha washarika hao kuisoma Biblia waliyoishika mkononi?

Hatubishani juu ya maneno matupu. Fundisho hili lina mazao yake, na huku kwetu Gorong'a tunayaona. Kijana aliyemaliza kidato cha nne analima, anachunga, anaendesha bodaboda, ukimwuliza kazi yake atakujibu, "Bado nipo nipo tu nyumbani." Mama anayelima mahindi na muhogo na kulisha nyumba nzima huandikwa katika daftari la usharika kuwa hana kazi. Kazi imekuwa ile yenye ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi, na wito umekuwa ule wenye kanzu. Wengine wote, yaani karibu usharika mzima, hawaambiwi kama Mungu ana shughuli nao kati ya Jumatatu na Jumamosi. Na mtu asiyeambiwa kwamba Mungu anaiona kazi yake hujifunza upesi kwamba Mungu haoni pia namna anavyoipata fedha yake.

Wapendwa, Martin Luther hakuwa mgeni wa mambo ya machimbo. Baba yake, Hans, alijipatia riziki katika shaba ya Mansfeld, akataka mwanawe asome sheria. Lakini mwaka 1505 Martin aliingia utawani Erfurt, kwa kuwa watu wa wakati ule waliamini kwamba maisha ya mtawa humpendeza Mungu kuliko ya mchimbaji au mkulima. Miaka 15 baadaye, katika waraka wake wa 1520 kwa wakuu wa Kijerumani, aliuvunja ukuta huo. Alifundisha kwamba kwa ubatizo Wakristo wote ni makuhani, na kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima kila mmoja amepewa kazi yake ili awafae wenzake. Mhunzi na askofu hutofautiana kwa kazi wanayoifanya, si kwa heshima mbele za Mungu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Kanisa letu linalikiri, linashika fundisho hilo hilo dhidi ya wale walioufanya utawa kuwa njia ya juu ya utakatifu.

Biblia ilikwisha kusema kabla ya Luther. Katika Kutoka 31 Mungu anamjaza Roho wake Bezaleli, na Bezaleli ni fundi wa dhahabu, fedha, shaba na mbao. Amosi alitwaliwa kutoka kwenye kundi la kondoo. Paulo alishona mahema Korintho. Lidia alifanya biashara ya nguo za zambarau, na nyumba yake ikawa mahali pa waamini wa Filipi.

Wapo watakaotupinga wakisema kwamba mahubiri ya namna hii yatawafanya vijana waridhike na umaskini. La. Luther huyo huyo, mwaka 1524, aliwaandikia wakuu wa miji wafungue shule, na akataka wasichana nao wafundishwe. Mtoto mwenye kipaji cha uuguzi, cha ualimu, cha kupima miamba au cha kuongoza wageni Serengeti apelekwe shule, hata ikibidi ng'ombe auzwe. Tunachokataa ni kumpima mtu kwa tai yake. Karani anayedai chai kabla ya kugonga muhuri hana wito bora kuliko mchungaji wa mbuzi anayerudisha jioni hesabu kamili.

Na hapa ndipo ugomvi wetu ulipo hasa. Kama kila kazi halali ni wito, basi si kila njia ya kupata fedha ni kazi. Kipimo ni jirani: je, anahudumiwa au anaumizwa? Amri ya tano na amri ya saba hazikuandikwa kwa ajili ya mtihani wa kipaimara peke yake.

Tuanze na ng'ombe. Zamani kijana aliyeleta ng'ombe wa kuibwa aliimbwa kama shujaa, na mahari ikalipwa kwa ng'ombe hao. Wapo wanaolisifia jambo hilo hata leo. Lakini nyuma ya kila zizi lililojaa kwa njia hiyo kuna zizi lililoachwa tupu, na mara nyingi kuna kaburi. Huo ni wizi, uwe umefanywa na ukoo wetu au na ukoo wa jirani.

Pili, ngariba. Sheria ya nchi imekataza tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado msimu ukifika visu hutoka. Ngariba hulipwa kwa kila binti, na wapo wanaogawana naye. Ukiwaonya husema, "Tutakula nini?" Katika Matendo 19 Demetrio, mfua fedha wa Efeso, aliwakusanya mafundi wenzake kwa hoja hiyo hiyo: shughuli hii ndiyo utajiri wetu. Kanisa halikumkubalia Demetrio, na lisiwakubalie hawa. Masanga, hapa hapa kwetu, kuna kituo kinachowapokea mabinti wanaokimbia kisu. Usharika unaomwombea binti aliyekimbia, huku ukikaa kimya mbele ya baba aliyemlipa ngariba, unaomba kwa nusu ya mdomo.

Tatu, dhahabu. Watu wa Nyamongo walichimba kabla ya mgodi mkubwa wa North Mara kuanza uzalishaji mwaka 2002, na uchimbaji wenyewe si dhambi. Mwenye leseni anayewalipa vijana wake na kuimarisha kuta za shimo lake anaweza kuomba baraka kama Bezaleli. Lakini mwenye mwalo anayeacha maji ya zebaki yatiririke kuelekea mtoni anamnywesha jirani sumu. Tajiri anayewatuma vijana wa watu kuingia mgodini usiku kuokota mawe, naye akalala nyumbani akisubiri kununua, anafanya biashara ya damu. Mei 2011 watu walipigwa risasi na kufa katika mgodi huo. Neno hili linamhusu pia aliyeshika bunduki. Katika Luka 3 askari walipomwuliza Yohana wafanye nini, hakuwaambia waache uaskari, aliwakataza kudhulumu. Luther aliandika mwaka 1526 kwamba askari naye anaweza kumtumikia Mungu, lakini anayejua kwamba anatumwa katika dhuluma asiende. Wakurya wengi wamevaa sare za nchi hii. Wana haki ya kulisikia neno hilo kanisani, si kupigiwa saluti tu wakija likizo.

Sasa Sikukuu ya Mavuno inafika, na sadaka kubwa hushangiliwa bila swali. Debe la mahindi la mjane hupokelewa kimya, bahasha ya tajiri wa mawe ya usiku husomwa kwa kipaza sauti. Kumbukumbu la Torati 23 inasema yapo malipo yasiyopaswa kuletwa katika nyumba ya Bwana. Jengo lenye bati jipya halifuti andiko hilo.

Tunawadai wazee wa kanisa na wachungaji wenzetu mambo manne. Neno "hana kazi" lifutwe kwenye daftari pale linapomhusu mkulima, mfugaji au mama lishe. Siku ya Mavuno majembe, cherehani, chaki na funguo za pikipiki viletwe madhabahuni pamoja na mazao, na wenye navyo waombewe kwa kazi zao. Watoto wa kipaimara wafundishwe amri kwa mifano ya machimbo, malisho na barabara wanazozijua. Na ngariba anayeweka kisu chini asipewe makofi tu; usharika umsaidie kupata shamba, mtaji au ufundi, ili swali lake la "Tutakula nini?" lipate jibu la Kikristo.

Makutano, watoza ushuru na askari walimwuliza Yohana, "Tufanye nini?", na kila kundi lilipata jibu la kazi yake. Mwendesha bodaboda wa Gorong'a akiuliza hivyo baada ya ibada, asijibiwe kwamba aje mapema kwenye kwaya. Aambiwe asimzidishie nauli mama mjamzito usiku, na kwamba akimfikisha zahanati salama, amemtumikia Mungu.