Mnunuzi Ndiye Mchimbaji

Kuanzia Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, hadi Mambrui, kaskazini ya Malindi, yamesimama makaburi ya kale yenye nguzo za mawe na chokaa. Katika nguzo hizo, na katika kuta za makaburi yenyewe, mafundi wa zama zile walipachika mabakuli na sahani za kauri zilizovuka bahari kutoka Uchina. Leo anayeyazuru makaburi ya namna hiyo aghalabu hukuta mashimo ya duara katika chokaa, kila shimo na ukubwa wa bakuli. Yapo mabakuli yaliyoanguka kwa umri na mvua. Yapo pia yaliyong'olewa kwa patasi, na aliyeyang'oa hakuwa na haja ya kulia wali. Aliyang'oa kwa sababu palikuwa na mtu, karibu au mbali, aliyekuwa tayari kuyanunua na kuyafungia katika kabati la kioo.

Mtu huyo wa pili ndiye anayestahili kusemwa. Mwenye patasi hutajwa kila mara: ni mwizi, ni mjinga, ni maskini asiyejua thamani ya turathi. Mwenye kabati hutajwa kwa heshima. Huitwa mkusanyaji, mpenzi wa sanaa, mlezi wa ustaarabu wa kale. Hutoa mkusanyiko wake upigwe picha, huandikiwa kitabu chenye karatasi za kung'aa, na anapokufa jina lake hubandikwa ukutani katika makumbusho. Ilhali patasi haikuinuka kabla ya bei kutajwa. Mnunuzi ndiye mchimbaji; tofauti ni kwamba mikono yake haina vumbi.

Watetezi wa ukusanyaji wanazo hoja zao, na haifai kuzipita bila kuzijibu. Hoja ya kwanza ni ya uokozi. Wanasema chombo kilichomo ardhini kimepotea, na kilichomo kabatini kimeokolewa. Lakini chungu kilichozikwa miaka 700 kimekaa salama miaka yote hiyo bila mlinzi wala kufuli. Udongo uliochomwa hauozi kama kitambaa, wala hauliwi na kutu kama chuma. Hatari yake kubwa ilianza siku alipopita mtu akauliza kinauzwa kiasi gani. Mwenye kuleta moto hawezi kujisifu kwa kuwa wa kwanza kutoa vyombo ndani ya nyumba.

Tena, kuna kinachopotea ambacho hakuna kabati liwezalo kukihifadhi. Wapenzi wa ushairi ndio wanaopaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mtu akiukata mshororo mmoja katika utenzi, akautia fremu na kuutundika ukutani, mizani itabaki na vina vitabaki. Hata hati nzuri ya mwandishi itabaki. Lakini nani alikuwa akisema, alimwambia nani, na kwa nini, vitakuwa vimekwenda na karatasi iliyotupwa. Chungu cha kale ni mshororo wa namna hiyo. Maana yake iko katika tabaka la ardhi lililokilalia, katika majivu yaliyokizunguka, katika mifupa ya samaki na punje za nafaka zilizokuwa kando yake, na katika chungu kingine, cha thamani ndogo, kilichovunjika siku moja nacho. Mchimbaji wa usiku huvitawanya vyote hivyo ili apate kimoja. Asubuhi hubaki kitu kizuri kisichojua kwao.

Mfano mashuhuri kuliko yote hautoki pwani hii. Mwaka 1972 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalinunua chombo cha Kigiriki cha kuchanganyia divai na maji, chenye kuchukua lita 45 hivi, kwa dola milioni moja. Kilifinyangwa na Euxitheos na kuchorwa na Euphronios wa Athens, yapata mwaka 515 kabla ya Masihi. Juu yake wamechorwa Usingizi na Mauti wakiuinua mwili wa Sarpedon aliyeuawa vitani. Karatasi za mauzo zilidai kuwa kilikuwa mali ya familia moja ya Lebanoni kwa miaka mingi. Ukweli ulikuwa mwingine: kilitoka katika kaburi la Waetruski huko Cerveteri, Italia, lililovunjwa miezi michache tu kabla ya mauzo. Mwaka 1995 polisi waliingia katika ghala la mlanguzi Giacomo Medici huko Geneva wakakuta maelfu ya picha za vyombo, vingine vikiwa bado na udongo. Medici alihukumiwa Roma mwaka 2004. Mwaka 2006 makumbusho yalikubali kukirudisha chombo, na mwaka 2008 kikarejea Italia.

Wengi huisimulia habari hiyo kama hadithi yenye mwisho mwema. Chombo kimerudi, basi yameisha. La hasha! Kilichorudi ni chombo, kaburi halikurudi. Swali kubwa kuliko uzuri wa Sarpedon lilikuwa hili: Waetruski walikitakia nini chombo cha Athens katika kaburi la mtu wao? Kilikuwa kimewekwa upande gani, na vyombo gani vya kienyeji vilikizunguka? Yeye aliyelazwa hapo alikuwa nani, na alijidai nini kwa kuwa na kitu cha ng'ambo? Hayo yalijibiwa kwa sururu katika usiku mmoja. Hakuna hukumu ya mahakama iwezayo kuyarudisha.

Mpwani akilisikia swali hilo hulitambua, kwa kuwa ndilo swali la nguzo za Kunduchi na Mambrui. Kwa nini watu waliozika kwa Kiislamu, waliojenga kwa matumbawe ya bahari yao, wakaona inafaa kuipamba nguzo ya kaburi kwa bakuli kutoka nchi ya mbali? Bakuli likiwa mahali pake linasema jambo juu ya aliyezikwa, juu ya waliobaki, juu ya bahari iliyowaunganisha na dunia. Likiwa mnadani linasema jambo moja tu: limetengenezwa Uchina. Kwa hiyo mnunuzi wa bakuli la kaburi la Mswahili hanunui kitu cha Mswahili. Amekwisha kumfuta Mswahili kabla ya kulipa.

Hapa ndipo ukusanyaji unapovuka mpaka wa wizi na kuwa uwongo juu ya historia. Jicho la mkusanyaji hupenda king'aacho. Katika magofu ya pwani, sehemu kubwa kabisa ya vigae ni ya vyungu vya hapa hapa: vyungu vya kupikia vilivyoungua matako, mitungi ya maji, vyetezo. Kauri ya kijani ya Longquan, au kigae cha rangi ya samawati kutoka Ghuba, ni kimoja miongoni mwa vingi. Lakini mnada hauna bei ya chungu cheusi. Kinachokusanywa ni cha ng'ambo, kinachotupwa ni cha hapa, na baada ya vizazi viwili vitatu kabati linashuhudia kwamba pwani hii haikuwa na lolote ila lililoletwa na wageni.

Wala kosa hilo halikuwa la wakusanyaji pekee. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, aliyeyazuru magofu ya pwani, alisema kuwa historia ya Tanganyika iliyozikwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Kauli hiyo ilirudiwa kwa fahari miaka mingi, na wachache waliuliza chungu cha wali kiliandika nini. Waliochimba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, James Kirkman huko Gedi na Neville Chittick huko Kilwa na Manda, walihesabu miaka kwa vyombo vya kigeni, na Chittick aliiona miji hii kuwa zaidi kazi ya wahamiaji wa kutoka Ghuba.

Ni vyungu vyeusi vilivyoleta jawabu. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine iliyotangulia, ya awali kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Na vyungu vya kienyeji vilikuwamo tangu matabaka ya chini. George Abungu alivifuatilia vyungu hivyo katika bonde la Mto Tana. Felix Chami, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alionyesha jinsi vyungu vyenye nakshi za pembetatu zilizochanjwa shingoni vilivyoenea pwani na bara ya Tanzania katika milenia ya kwanza. Abdurahman Juma, katika utafiti wa Unguja Ukuu uliochapishwa mwaka 2004, aliuonyesha mji uliofinyanga na kufanya biashara tangu kale. Wanazuoni hao hawakubaliani katika kila jambo, lakini vyungu vimewafikisha mahali pamoja: miji hii ilianzishwa na watu wa hapa, waliopika kwa vyungu vya hapa, kisha wakaipokea dunia mlangoni kwao.

Mkusanyaji hujibu kwamba wanaakiolojia nao walichimba, nao walichukua, nao walikosea. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yake inapomwangukia mwenyewe. Kosa la mwanaakiolojia husahihishika, kwa kuwa aliacha daftari, ramani na masanduku ya vigae vilivyoandikwa kina na mahali vilipotoka. Waliokuja baadaye waliyasoma madaftari hayo upya na kumpinga aliyeyaandika. Kosa la mkusanyaji halina daftari. Chungu kisicho na mahali hakina shahidi, ndiyo maana soko hilo limejaa vya bandia, na wanunuzi wenyewe hawana hakika na wanachokipenda.

Ipo hoja ya mwisho, nayo inauma kwa kuwa ina ukweli ndani yake: kwamba wenyeji hawajali. Mawe ya magofu yamebomolewa kuchomwa chokaa na kujengea nyumba mpya. Vigae vimekanyagwa na kusagwa mashambani. Hoteli na barabara zimepita juu ya makaburi bila mtu kuinua sauti. Wapwani hawana budi kulikiri hili, kwani sheria zipo: Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Sheria isiyo na mtu wa kuipenda hubaki maandishi. Hata hivyo, mlango ulioachwa wazi na mwenye nyumba mzembe haumgeuzi mwizi kuwa mrithi.

Na si kweli kwamba pwani haikuvijali vyombo vyake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoililia Pate katika Al-Inkishafi, aliwataja makinda ya ndege waliolala katika vidaka vilivyokuwa vya sahani. Mshairi aliiona kauri kwa kuuona ukuta wake, na aliuona ukuta kwa kuwakumbuka walioishi ndani. Kidaka kitupu kilimtosha kuisema habari ya mji mzima. Mwenye kabati anayo sahani, na hawezi kusema habari ya mtu hata mmoja.

Wanaovipenda kweli vyombo vya kale wana njia iliyo nyepesi. Wasinunue chombo kilichotoka ardhini, hata kikiwa na karatasi, hata kikiwa cha bei ndogo, hata mwuzaji akiapa kuwa ni cha babu yake. Anayeokota kigae shambani na akiache kilipo, kisha awaite wanaohusika na mambo ya kale. Anayemiliki kitu alichorithi na aseme kilitoka kaburi gani na mtaa gani, kabla wanaojua hawajafariki. Makumbusho ya visiwani na ya bara nayo yaweke chungu kilichoungua matako mbele, kauri nyuma yake, ili mtoto wa shule ajue nani alikuwa mwenyeji na nani alikuwa mgeni mezani. Vidaka vitupu wapwani wamevizoea. Mji usio na kumbukumbu ya nani alivijaza ndio msiba mpya.